Aliuliza Mara Mbili

Ransberg mjini
2 Aprili 1976

Dada Borghild,

Ukiona mwandiko huu usidhani kuna msiba. Sijambo, na ndege bado inaruka. Nimerudi kwenye kaunti yetu kwa miezi miwili. Kamati ya majengo ya kale imenipa kazi ya kupiga picha kutoka angani: makanisa, shule za chumba kimoja, maghala ya mashambani, chochote kilichojengwa kabla ya mwaka 1920. Wanakamati wote ni wazee na matope ya Aprili yamewashinda, kwa hiyo wanataka kaunti nzima waletewe mezani.

Jumanne nilipita juu yenu. Ni wewe uliyekuwa unaanika mashuka? Nilikuona umesimama, mkono juu ya macho. Nilizunguka mara mbili, bawa moja chini, dirisha wazi, upepo ukaniondokea na kofia. Miti haijachipua bado, na huu ndio wakati wa kazi yetu. Majani yakishatoka, unachopiga ni vichaka tu. Ghala la Babu Torgeir linaonekana lote, la duara, kama sufuria yenye kifuniko. Ni la duara pekee lililobaki upande wote wa kaskazini.

Sasa sikiliza. Kamati itachagua majengo sitini. Jengo likiingia kwenye orodha halibomolewi kwa miaka ishirini, pamoja na nyumba iliyo kando yake. Lakini anayeishi hapo lazima akubali kwanza, ndipo mimi nipeleke picha na jina. Nipeleke la kwetu?

Ningepiga simu, ila laini yenu bado inasikilizwa na nyumba sita, na jirani yenu Bi. Knutsvig, akisikiliza ya watu, hata kupumua hapumui. Kupita nyumbani sitaweza, kazi imenibana.

Nduguyo,
Arvid


Shambani
6 Aprili 1976

Mdogo wangu Arvid,

Barua nimeipata, asante. Ndiyo, ni mimi. Nilidhani ni yule rubani anayenyunyizia mashamba dawa amewahi msimu, nikataka kumtupia kibanio cha nguo.

Huku hatujambo. Theluji imeyeyuka isipokuwa nyuma ya zizi. Goti linauma siku za mvua, na siku za jua linanikumbusha tu kwamba lipo. Dale, mtoto wa marehemu kaka Lyman, amenunua trekta mpya, kubwa hata haipiti kwenye geti la zamani.

Kuhusu ghala, usijisumbue. Ni mbao na misumari tu. Kina Knutsvig wana ghala kubwa, jekundu, watu wa kamati watalipenda. Una kazi nyingi huko juu, usianze kuhangaika kwa ajili yetu.

Tafuta kofia yenye kamba.

Dadako,
Borghild


Shambani
7 Aprili 1976

Binamu yangu Selma,

Mungu hamtupi mja wake. Arvid amerudi, anapiga picha majengo ya kale kutoka kwenye ndege, na ameniuliza kama apeleke ghala letu kwenye orodha ya kaunti.

Hili sijamwambia mtu ila wewe. Mwezi wa pili Dale alikuja, akakaa jikoni kwangu na viatu vyake vya matope, akala vipande viwili vya pai ya tufaha, halafu akasema kiangazi hiki anaangusha ghala na nyumba, ili mwakani apande mahindi toka barabarani hadi kijitoni. Shamba ni lake, Lyman alimwachia, mimi sina hata karatasi. "Shangazi, kule kwenye nyumba ya wazee utapapenda," akaniambia. "Kuna joto la mabomba." Nina miaka sitini na moja, Selma, na yote nimelala chumba kile kile. Mama nimemuuguza humo mpaka mwisho, na Baba baada yake. Nikitolewa sijui nitakuwa nani.

Sasa ghala likiingia kwenye orodha Dale hana la kufanya. Nyumba inabaki, na mimi ndani yake. Nimemjibu Arvid asijisumbue. Atauliza tena.

Wako,
Borghild


Fargo
11 Aprili 1976

Borghild, wewe mwanamke,

Nimesoma barua yako mpaka kahawa imepoa. Umemwambia nini? Asijisumbue? Nyumba inaungua, na wewe unamwambia mwenye ndoo asijisumbue.

Usinifundishe desturi, hata mimi nimezaliwa hapo hapo. Mtu akikupa kitu, mara ya kwanza unakataa kwa adabu, mara ya pili unakataa kwa mazoea, mara ya tatu unapokea huku unalalamika. Marehemu mume wangu Einar alinichumbia mara tatu Jumapili moja, na baada ya ile ya pili alikuwa ameshawasha gari. Lakini Arvid ameishi Omaha karibu miaka thelathini. Kule mtu akiulizwa anajibu. Tena wewe na yeye hamjakaa vizuri tangu Vita vya Pili viishe, na ukiulizwa kwa nini, unaanza kufuta meza.

Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Chukua kalamu uandike: "Arvid, Dale ananitoa, peleka picha." Maneno matano. Hata Mlutheri mwenye haya kama sisi anayaweza.

Binamuyo,
Selma


Ransberg mjini
15 Aprili 1976

Dada Borghild,

Kibanio kingenifikia, nilikuwa chini kiasi hicho.

Kazi inakwenda. Leo nimepiga lile kanisa letu la kilimani. Paa limeota kuvu upande wa makaburi. Ukiwa juu unaona yote ambayo watu walidhani wameyaficha: mashimo ya taka, magari mabovu nyuma ya miti, vijia walivyokuwa wanapita kwenda kwa jirani kabla hawajagombana. Vijia havifutiki, hata vikilimwa. Udongo wake una rangi nyingine.

Ghala la Knutsvig nimelipiga. Ukiwa barabarani ni bibi harusi. Ukiwa juu, paa lina tundu la kupitisha ng'ombe.

Nakuuliza tena kuhusu la kwetu. Picha imetoka vizuri kuliko zote. Wanafunga kupokea tarehe 30. Nilipeleke au nisilipeleke?

Arvid


Shambani
19 Aprili 1976

Mdogo wangu,

Pole na baridi ya huko juu. Nakutumia lefse, zile chapati nyembamba za viazi. Nilipika nyingi kwa ajili ya Pasaka na hakuna wa kuzila. Zipake siagi na sukari, uzikunje, kama tulivyokuwa tunafanya.

Kuhusu ghala, sisi si watu wa kujitangaza. Babu angeona haya. Kama kuna nafasi imebaki na hakuna mwingine anayeihitaji, hilo ni shauri lako na kamati, mimi nani hata niseme. Ghala si baya. Limesimama.

Nipo nyumbani wiki hii yote, na ijayo pia. Mtu wa posta anapita saa tano asubuhi.

Dadako,
Borghild


Shambani
3 Mei 1976

Selma,

Hajaandika. Tarehe 30 imepita. Kila siku saa tano nimekuwa nikisimama mwisho wa njia, karibu na sanduku la barua, nikijifanya nang'oa magugu. Hayapo tena magugu pale. Mtu wa posta ameanza kunionea huruma, hata tangazo la mbegu ananipa kwa mikono miwili.

Najua utakachosema. Kalamu niliishika, kweli nakuapia. Niliandika "Dale ananitoa", nikaona kama nimevua nguo barabarani, nikachana. Labda amepeleka bila kuuliza mara ya tatu. Ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Anajua ndani ya hapana yangu kuna nini.

Borghild


Fargo
7 Mei 1976

Borghild,

Nimepiga simu kwako mara mbili, na mara zote mbili nimesikia pumzi ya mtu mwingine kwenye laini, nikakata. Safari hii sina mzaha. Mwandikie leo. Ukiona haya, niambie nimwandikie mimi.

Selma


Shambani
24 Mei 1976

Arvid,

Gazeti la kaunti limetoa orodha. Hongera, picha ni nzuri. Ghala la Knutsvig limo, pamoja na tundu lake. Shule ya Sandbakken imo. Hata choo cha nje cha mahakama ya zamani kimo. Nimesoma majina yote sitini mara nne, mara ya mwisho kwa kufuata na kidole.

Nadhani barua yako ya tatu ilipotea njiani. Nimemuuliza mtu wa posta. Akasema kwenye njia yake barua hazipotei, lakini hata hivyo aliinama akatazama chini ya kiti cha gari, mtu mwema yule.

Sasa nikuambie nililopaswa kukuambia. Dale anabomoa ghala na nyumba tarehe 10 Juni. Tingatinga limeshafika, limeegeshwa juu ya maua ya Mama. Kitanda wameshanitafutia kwenye nyumba ya wazee. Selma alitaka kukuandikia zamani, nikamkataza. Kama kuna njia ya kuongeza jina moja pale kwenye kamati, tafadhali. Nakuomba waziwazi. Sijui kuomba, unanijua, lakini nakuomba.

Dadako,
Borghild


Ransberg mjini
29 Mei 1976

Borghild,

Hakuna barua iliyopotea. Sikuandika. Nilipopata yako nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, nikakaa mlangoni kwake asubuhi nzima. Anasema orodha imefungwa na hafungui mpaka miaka mitano ipite. Nimemwambia ni dada yangu. Akasema hata yeye ana dada.

Sitakudanganya kwamba Omaha imenisahaulisha. Najua mtu wa kwetu huulizwa mara ngapi. Nilihesabu. Niliuliza mara mbili, nikatia picha kwenye droo, nikaenda kula.

Kumbuka Desemba ya 1947, Jumapili, jikoni, sote tumekaa. Baba akaweka uma chini, akaniuliza kama nazitaka zile ekari themanini za kijitoni. Nikasema Lyman ana watoto, zimfae yeye. Akaniuliza tena. Nikasema sijui hata kama bado naweza kulima. Nilikuwa nazitaka, Borghild. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kujenga, nimeshapima kwa hatua. Baba akafungua mdomo mara ya tatu. Na wewe ukainuka na birika la kahawa, ukajipenyeza katikati yetu, ukasema, "Baba, mwache Arvid. Ana ndege zake." Basi. Hakuuliza tena. Wiki iliyofuata akazikata kwa jina la Lyman.

Karibu miaka ishirini na tisa nimekusubiri ukae kwenye kile kiti changu. Ulipoandika "usijisumbue", niliicheka barua yako peke yangu chumbani. Ila la Dale sikulijua. Nilidhani nakunyima sifa ya kutajwa gazetini, sikujua nakunyima paa. Hilo naliapa.

Arvid


Fargo
14 Juni 1976

Arvid,

Nipo kwa Selma. Ghala lilichukua dakika arobaini. Halina kona, kwa hiyo lile tingatinga halikujua pa kushika, likawa linalizunguka kama mbwa anayetafuta mlango. Kisha paa likaingia ndani. Nyumba ilichukua dakika kumi na tano. Dale alinishika mkono kunishusha ngazi, kwa heshima zote, akaniuliza kama nakitaka kitasa cha mlango kiwe kumbukumbu. Nikamwambia asijisumbue. Akakitupa kwenye lori pamoja na vingine.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sasa isome na wewe yangu.

Machi ya 1944 uliniandikia kutoka Uingereza, mimi peke yangu. Uliandika: "Dada, nikirudi salama usiniache wanifunge na ng'ombe. Baba akinipa ardhi nitashindwa kumkatalia. Nisaidie." Ukasema nikimaliza kusoma niichome, nikaichoma kwenye jiko, na majivu nikayatoa mwenyewe Baba asije akayaona. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili na kila siku uliruka juu ya watu wanaokupigia mizinga ili upige picha za madaraja yao. Unadhani ningesahau ulichoniomba?

Jikoni nilikusikia unakataa mara mbili. Nikasema moyoni, amesimama imara, mtoto huyu. Lakini ya tatu hakuna mtu wa ukoo wetu wa Tveiten aliyewahi kuikataa mbele ya baba yake. Ungeikubali kwa kumwonea haya, na ungefungwa pale maisha yako yote. Ndiyo maana niliinuka. Kwa haraka nikammwagia Lyman kahawa kwenye kifundo cha mkono, akaruka kama panzi. Hata hilo hulikumbuki. Nilijua Baba atanikasirikia, na alinikasirikia. Hakuzungumza na mimi mpaka Pasaka. Nikavumilia, nikijiambia mdogo wangu yuko huru.

Ukaondoka bila kuniaga. Nikadhani ni furaha.

Miaka yote hiyo ungeniuliza, Arvid. Hata mara moja tu.

Borghild


Omaha
19 Juni 1976

Dada yangu Borghild,

Ile barua ya Uingereza nilikuwa nimeisahau kabisa. Niliiandika siku ndege nne za kikosi chetu hazikurudi. Mwaka uliofuata moyo wangu ulishageuka. Nilitaka udongo tu, na mahali pasipo na mlio wa injini. Sikukuandikia kwamba nimebadilika. Niliona mtu akiniangalia usoni atajua.

Nimesimama na barua yako hapa jikoni na sijui hata pa kuiweka. Nimelea kinyongo miaka yote hii, nikikitunza vizuri, na chini yake hapakuwa na kitu. Na kinyongo hicho nimekushushia wewe.

Nisamehe. Nakuomba mara ya pili, nisamehe. Na mara ya tatu, kwa desturi ya kwetu, nisamehe.

Hapa kwangu kuna chumba cha chini, kina dirisha la kusini na mlango wake. Ni chako. Sema neno moja nije nikuchukue. Nakuwekea ndani ya bahasha picha ya ile Jumanne. Ghala, nyumba, na wewe kwenye kamba ya nguo.

Nduguyo,
Arvid


Fargo
25 Juni 1976

Arvid,

Picha imefika. Umeipiga vizuri. Nimejiona, mdogo kama kokwa, mkono juu ya macho, nikijaribu kuona ni nani yuko huko juu. Hukunipungia.

Umeniomba msamaha mara tatu kwenye ukurasa mmoja, bila kuniachia nafasi ya kujibu katikati. Kwetu hatuombi hivyo. Mtu anauliza, anasubiri, anamtazama mwenzake. Ndiyo maana zinakuwa tatu.

Kosa langu nalijua. Ningeandika yale maneno matano ya Selma mwezi wa nne, leo ningekuwa naanika mashuka. Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini mimi nilikosea kwa haya. Wewe ulielewa kila neno langu, hakuna mtu duniani aliyenielewa vizuri kuliko wewe, na kwa kunielewa huko ndiko ulikonitoa nyumbani. Laiti ungekuwa mjinga, ningekusamehe kabla kahawa haijachemka.

Maisha yangu yote nimesema hapana nikimaanisha ndiyo, nikiwaachia wanaonipenda kazi ya kujua. Nimechoka na kazi hiyo, na nyinyi nimewapumzisha. Msamaha, hapana. Chumba cha Omaha, hapana. Jumatatu Selma ananipeleka kwenye nyumba ya wazee, nitakaa na watu nisiowajua. Wao angalau hawajui namna ya kuniuliza.

Usiandike tena. Nikisema usiandike, maana yake ni usiandike.

Borghild Tveiten